Homa ya Namba Tatu

Katika nyumba ya Fundi Kwanini hakuna saa ya ukutani iliyowahi kufa kifo chake yenyewe. Zote zilifia mezani, matumbo nje, mwenye nyumba akiwa amezinamia na bisibisi mdomoni. Pasi, redio, kufuli la mlango wa uani, hata mizani ya mkewe ya kupimia watoto wachanga, vyote vilipita mikononi mwake, na si vyote vilivyorudi vikiwa vizima. Mkewe, muuguzi wa zahanati kwa miaka ishirini na sita, aliwahi kuwaambia majirani kwamba siku mumewe atakapokufa jeneza lake lipigwe misumari, wasithubutu kutia skrubu.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni tu. Kazini, katika chuo kidogo cha kufundisha marubani wa helikopta, aliitwa Kwanini, kwa kuwa ndilo neno alilolitumia kuliko salamu. Maisha aliyaanza kwa kutengeneza pampu za maji na mashine za kusaga. Kwenye helikopta aliingilia mlango wa nyuma: siku moja aliitwa kurekebisha pampu ya kisima cha chuo, akachungulia karakanani, akauliza swali, akajibiwa vibaya, akarudi kesho yake kuliuliza tena. Hiyo ni miaka ishirini na mbili iliyopita. Katika miaka yote hiyo, hakuna kitabu cha mashine aliyoigusa kilichowahi kuandikwa maneno matatu: kosa la fundi. Alijivunia hilo waziwazi, na mimi simlaumu. Kila mtu ana chake cha kuringia. Wengine wana nywele.

Chuo kilikuwa na helikopta tatu za viti viwili, nazo ziliitwa kwa namba zao kama watoto wa shule: Namba Moja, Namba Mbili, Namba Tatu. Injini ya helikopta ya namna hiyo inakaa nyuma ya viti, imefunikwa, wala haipati upepo wa mbele kama injini ya gari linalokwenda mbio. Tena kazi yake ngumu kuliko zote ni kuelea, kusimama hewani mahali pamoja bila kwenda popote. Ndiyo maana imewekewa feni kubwa na mabati ya kuiongoza hewa mpaka kwenye silinda. Feni ikilegea au bati likiachia mwanya, injini inachemka, na ikichemkia hewani hakuna pa kuegesha pembeni ukafungua boneti.

Basi, Jumanne moja mwanafunzi aliruka peke yake na Namba Tatu. Alipofika mwisho wa uwanja, sindano ya geji ya joto ikaingia kwenye nyekundu. Sheria ya chuo haina mjadala: sindano ikigusa nyekundu, unatua papo hapo, unazima injini, unazima kila swichi, unangoja kuvutwa. Akatua, akazima, akangoja. Mpaka trekta lilipopatikana na helikopta kuburutwa taratibu hadi karakanani, saa nzima ilikuwa imepita, na Kwanini alipoweka kiganja kwenye injini aliikuta vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Alhamisi ikatokea tena. Mashine ile ile, mahali pale pale, mwanafunzi yule yule.

Mwanafunzi huyo alikuwa binti wa mkata nyasi wa uwanja. Chuo kilitenga nafasi moja kila mwaka kwa mtoto wa mfanyakazi, na mwaka huo yeye ndiye aliyeipata, kwa alama zake mwenyewe. Si wote waliofurahi.

Kapteni, mwalimu mkuu, alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu yaliyonyooka kuliko mstari wa rula. Aliirusha Namba Tatu mwenyewe dakika arobaini, sindano ikatulia. Akampa mwanafunzi mwingine, ikatulia. Akapanda na yule binti, akamkalia kando. Ikatulia kama imegandishwa kwa gundi. Akashuka akijifuta mikono.

"Akiwa na mimi, mashine haina homa. Akiwa peke yake, inaumwa. Sasa hapo mgonjwa ni nani?" alisema mbele ya wanafunzi wote. "Mkono umezoea mashine ya nyasi, unakamua tu."

Wenzake wakacheka. Binti hakucheka wala hakulia. Alivua kofia yake ya kurukia, akaitundika. Kikao kikapangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na ajenda ilikuwa moja: kumwondoa kwenye kozi.

Sasa niseme ukweli kuhusu Fundi Kwanini, hata kama haumpendezeshi. Alimhurumia yule msichana, ndiyo. Lakini moyoni, pale panapojificha mambo, alikuwa na furaha. Hitilafu inayomchagua mtu! Kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kuletewa kitu kitamu namna hiyo. Alipima oili, ilikuwa sawa. Alifungua rejeta ya oili, akatoa humo mbegu za nyasi na panzi mmoja mkavu, lakini panzi mmoja hachemshi injini. Alikagua feni na mabati yake, mwanya kwa mwanya, kwa tochi. Aliitoa sensa, kile kidude kinachopima joto, akafunga ya Namba Mbili. Hakuna kitu.

Jumatatu alimkuta binti akipangusa vioo vya Namba Moja, kazi wanayopewa wanafunzi waliosimamishwa kuruka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, ile sindano ilipandaje?"

"Ilipanda tu."

"Kupanda kuna namna nyingi. Ilipanda kama mtu anayepanda ngazi, au kama mtu aliyekalia msumari?"

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi binti alitabasamu. "Aliyekalia msumari. Niliangalia, ipo kwenye kijani. Nikaangalia tena, ipo kwenye nyekundu."

"Na hapo katikati ulifanya nini?"

"Hakuna," alijibu, haraka mno.

Kwanini alikuwa amelea watoto wanne. "Hakuna" ya namna hiyo aliifahamu vizuri, lakini hakuibana. Aliondoka akiwaza juu ya msumari. Joto hupanda ngazi, alijiambia. Chuma kizito kama kile hakiwezi kutoka kijani kwenda nyekundu kwa kufumba na kufumbua.

Jioni, akiwa anakula, alimsimulia mkewe, ambaye alikuwa akipiga pasi sare yake kwa pasi iliyonusurika.

"Ulimgusa?" mkewe aliuliza.

"Nani?"

"Mgonjwa wako. Mama wa watu analeta mtoto, unaambiwa ana homa, unamgusa kwanza. Mwaka ule kipimajoto chetu kipya kilisema kila mtoto ana arobaini. Nilipoweka kiganja kwenye paji la uso, baridi. Aliyekuwa na homa ni kipimajoto."

"Kabla sijafika kumgusa, anakuwa ameshapoa."

"Basi mwachie kiganja chako," alisema mkewe, akaligeuza shati upande wa pili.

Kwanini aliacha kula. Mezani kwake karakanani, kwenye droo ya chini, kulikuwa na vibandiko vya joto: vipande vidogo vyeupe unavyobandika kwenye chuma. Chuma kikipita joto fulani, kibandiko kinageuka cheusi na hakirudi tena kuwa cheupe hata ukikiombea dua. Mkewe hakujua kama vitu hivyo vipo duniani, na bado alikuwa amevitaja.

Kesho yake alimwendea Kapteni kuomba binti aruke peke yake mara moja tu. Kapteni alifungua ratiba ya kuruka.

"Mara moja. Jumatano. Ikipanda tena, usiniletee kwa nini nyingine."

Jumatano asubuhi fundi alibandika vibandiko vinne, kimoja kwenye kichwa cha kila silinda, akafunga kifuniko. Halafu, badala ya kubaki karakanani kama siku zote, akatembea kwa miguu mpaka mwisho wa uwanja. Alitaka kuisikiliza injini mahali pale inapougulia.

Huko alimkuta mkata nyasi, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani yenye ukingo mpana, akisukuma mashine yake iliyokuwa ikinguruma. Kwanini alisalimia. Kimya. Akasalimia tena, kwa sauti zaidi. Kimya. Akasema moyoni kwamba mzee huyu amepata binti rubani, sasa anaringa. Mara ya tatu alimzunguka, akasimama mbele yake, ndipo mzee akashtuka, akazima mashine, uso ukafunguka kwa furaha.

"Fundi! Umefika saa hizi? Mbona huongei?"

Kwanini akampa mkono.

Wakati huo Namba Tatu ilikuwa inakuja, chini chini, kutokea upande wa karakana. Mzee alikuwa ameipa mgongo. Mlio wake ulijaa uwanja mzima, fundi akausikia mpaka kifuani, injini ikiimba vizuri bila kukohoa; mzee akaendelea kueleza habari za mtambo wake wa nyasi uliopinda kisu. Hakugeuka. Ghafla taa ya kutua ya helikopta, iliyo puani, ikawaka mchana kweupe, na mng'ao wake ukapita juu ya nyasi hadi kwenye kioo kidogo cha pikipiki ambacho mzee alikuwa amekifunga kwa waya kwenye mpini wa mashine yake. Mzee akakiona. Akageuka, akavua kofia, akaiinua juu.

"Huyo mwanangu!" alisema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Hiyo ndiyo hodi yake. Akinipigia hodi, nazima, nakaa pembeni, anapita."

Hapo hapo helikopta ikashuka, ikatua kwenye nyasi mita mia mbili mbele yao. Mapangaboi yakaanza kupunguza mwendo. Sindano ilikuwa imeruka.

Mtu wa miaka hamsini na minane hatakiwi kukimbia namna ile. Fundi alifika akihema, akafungua kifuniko, akachungulia. Kibandiko cha kwanza, cheupe. Cha pili, cheupe. Cha tatu na cha nne, vyeupe kama meno ya mtoto. Akaweka kiganja, akakiondoa: joto la kazi tu, la kawaida. Akaanza kucheka peke yake. Binti, aliyekuwa amesimama kando na kofia mkononi, akadhani anachekwa, na machozi aliyoyazuia wiki nzima yakatoka.

"Usilie, mwanangu. Injini yako haina homa hata chembe. Ile taa, huwa unaiwasha kila ukifika hapa?"

Binti akanyamaza kulia mara moja. Alitazama kule alikokuwa baba yake.

"Kapteni alikataza taa mchana," alisema. "Balbu zinakufa upesi, ile ya mwisho tuliingoja miezi miwili. Nikiwa naye siwashi. Fundi, nakuomba usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Baba hasikii. Mwaka wa tatu sasa. Wakijua watamwambia akapumzike nyumbani, na yeye nyumbani hakai, ataisha. Bora wanitoe mimi."

Fundi alifunga kifuniko cha injini. Alizoea maswali yanayofunguliwa kwa spana.

Alhamisi alfajiri aliingia karakanani kabla ya wengine. Namba Tatu ilikuwa imelala usiku kucha, injini baridi kama mtungi wa maji. Akakaa kwenye kiti cha rubani, akawasha umeme bila kuwasha injini. Sindano ya joto ikakaa chini kabisa, mahali pake. Akabonyeza swichi ya taa.

Sindano ikaruka hadi kwenye nyekundu.

Akazima taa, ikaanguka. Akawasha, ikaruka. Alifanya hivyo mara saba, na siwezi kuapa kwamba mara zile nne za mwisho zilikuwa za utafiti. Geji inatangaza moto ndani ya injini iliyolala! Sasa mambo yakanyooka. Geji na taa zilirudisha umeme wao kupitia waya mmoja wa ethi, uliofungwa kwa nati kwenye kipande cha chuma cha bodi. Pale pakishika vibaya, taa inayokula umeme mwingi inaisukuma geji iseme uongo. Akaufuata waya kwa vidole, nyuma ya kiti, chini ya paneli, mpaka kwenye nati.

Nati ilikuwa imekazwa vizuri. Chini yake palikuwa na rangi ya kijivu, mpya, laini, iliyopakwa kwa mkono wa mtu anayependa kazi yake. Rangi haipitishi umeme. Chuma kilitakiwa kikwanguliwe kibaki kitupu kabla ya kufunga waya, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwezi wa pili analijua. Nani alipaka? Kwanini alikumbuka vizuri sana. Mwezi uliopita, baada ya ukaguzi mkubwa, aliona kutu kidogo pale, akasema hapana, mashine yangu haitoki na kutu, akapaka mara mbili. Hata alimwita mlinzi aje aone ilivyong'aa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye gurudumu la trekta. Kipande cha msasa, dakika tano, na hakuna ambaye angejua. Angeweza kusema alikuta waya umelegea. Nyaya hulegea kila siku, hazina mwenyewe. Alikaa hapo mpaka aliposikia wenzake wanafungua geti. Kisha akachukua kitabu cha Namba Tatu, akaandika yote, na mwisho wa mstari akaandika yale maneno matatu. Mwandiko ulikuwa mdogo kuliko kawaida yake. Ndipo akapiga msasa.

Ijumaa kikao kilikaa kwenye chumba cha ramani: Kapteni, mkuu wa chuo, ambaye alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, fundi, na binti kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha. Kwanini alivipanga vibandiko vyake vinne vyeupe mezani, akafungua kitabu, akaeleza. Injini ilikuwa nzima siku zote. Geji ilidanganya kwa sababu ya rangi. Rangi aliipaka yeye.

Mkuu wa chuo alisoma ule mstari mara mbili. Kapteni alivigusa vibandiko kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, na ikaonekana kwamba yeye naye alikuwa mtu wa kutaka kujua.

"Sawa, fundi. Lakini rangi ipo pale kila siku. Mimi nimeruka dakika arobaini. Kwa nini iruke kwake tu?"

Neno lake mwenyewe limerudi kumgeukia. Maishani mwake mwote hakuwahi kuulizwa kwa nini, akiwa na jibu, akatamani kutojibu. Alimtazama binti. Binti alitikisa kichwa kidogo: hapana. Bila jibu hilo maelezo yake yalikuwa nusu, na kwa maelezo nusu Kapteni asingemrudisha mtu yeyote kwenye kiti cha rubani, wala hangekosea.

Mlango ukagongwa. "Hodi!" Na kabla mtu hajasema karibu, mkata nyasi akaingia, kofia mkononi. Hakungoja kuitikiwa kwa sababu asingesikia.

"Samahani, wakubwa. Mwanangu hajala tangu Jumatano, na nimemwona fundi ananikwepa. Nina macho." Aliongea kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile. "Andikeni mimi sisikii. Mashine ya nyasi imekula masikio. Nilificha. Huyu mtoto akija kwangu anawasha taa, niione kwenye kioo changu, nipishe. Kama taa ni kosa, kosa ni langu."

Kapteni alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa akihesabu, si kwa vidole, lakini ilionekana usoni mwake: mara ngapi yeye mwenyewe, na wanafunzi wake wote, walipita chini chini juu ya mgongo wa mzee huyu, wakiamini kwamba amewasikia na hana wasiwasi tu. Alisimama, akazunguka meza, akaja mbele ya mzee, mahali mdomo wake unapoweza kuonekana.

"Mzee," alisema polepole, "kwa nini hukutuambia?"

Mzee aliyasoma maneno kwenye masharubu, akacheka kidogo. "Hamkuniuliza."

Binti alirudi kwenye kozi Jumatatu, na maonyo mawili aliyoandikiwa ile Jumanne na ile Alhamisi yakafutwa. Fundi Kwanini aliandikiwa barua ya onyo, ya kwanza maishani, naye aliipeleka nyumbani. Mkewe akaisoma yote, akaikunja, akaiweka kwenye kabati pamoja na vyeti vya watoto, akamwambia ale kabla chakula hakijapoa. Mzee hakupumzishwa. Alipewa kioo kikubwa zaidi, na kwenye ukuta wa chumba cha ramani kukabandikwa sheria mpya kwa mkono wa Kapteni: yeyote anayeingia mwisho wa uwanja awashe taa, mchana au jioni, balbu ife isife.

Wiki chache baadaye Kwanini alitembea tena mpaka kule mwisho, safari hii bila sababu. Alisimama mbele ya mzee, ndipo akasalimia. Helikopta moja ikaja na taa yake, mzee akazima mashine, akainua kofia. Ikapita. Ikaja nyingine, akainua kofia tena.

"Yupi ndiye mwanao?" fundi aliuliza, akitamka vizuri.

"Sijui," alisema mzee. "Zamani aliyepiga hodi alikuwa mmoja tu. Siku hizi wanapiga wote, kwa hiyo nawaitikia wote."

Akavaa kofia, akavuta kamba ya mashine yake, ikanguruma.